Chumba cha Kuumulia

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi hamira ilikuwa imeshatoa povu. Lilikuwa limepanda hadi ukingo wa bakuli, jepesi, la rangi ya krimu, na lilinuka inavyopaswa kunuka. Hamira ilikuwa nzima. Kosa la wiki iliyopita halikutoka kwake.

Mama mkwe aliinama juu ya bakuli, akavuta pumzi, akamgeukia mke wa mwanawe.

"Umeona, Bibi Harusi? Mlikuwa mnaisingizia bure. Hamira haina hatia. Mwenye hatia ni hii sakafu ya mumeo."

Alimwita Bibi Harusi ingawa mwaka wa pili wa ndoa ulikuwa unaelekea kwisha. Mkwe alikuwa amezoea. Alileta maziwa ya uvuguvugu, akayaweka karibu, akasubiri.

Walikuwa wamehamia nyumba hiyo mwanzoni mwa msimu wa baridi. Mwana alikuwa fundi madirisha, na aliijenga mwenyewe chumba kwa chumba, jioni na siku za mapumziko: sakafu ya saruji, dari, madirisha ya alumini yenye raba pembeni. Nyumba ya zamani ilikuwa ya mabati. Kati ya ukuta na paa palikuwa na mwanya wa kupitisha mkono, upepo ukaingia na kutoka utakavyo, na mama alipikia ndani miaka yote bila mtu kuugua. Donge la biskuti aliliweka kwenye rafu juu ya jiko, nalo likaumuka. Katika nyumba mpya jiko na oveni ya mkaa vilihamishiwa uani, chini ya kibanda cha bati, ili kuta zisichafuke. Jikoni kulibaki meza, sinki na baridi. Tangu siku ile donge halikuwahi kuumuka sawasawa.

Biskuti zake zilinunuliwa na mtu mmoja, mwenye mgahawa karibu na stendi. Watu walimwita Bwana Birika kwa sababu alizunguka mezani mwenyewe akimimina chai, hakumwamini mhudumu yeyote. Wiki iliyopita aliirudisha trei nzima.

"Mama, nakuheshimu kama mama yangu mzazi," alisema mbele ya wateja. "Lakini hizi mpelekee fundi mwashi. Kuna mzee hapa ameacha nusu ya jino lake kwenye kisahani."

Wateja walicheka. Mama alikunja kitambaa juu ya trei, akaomba apewe siku moja tu. Bwana Birika alikubali, lakini alisema wazi kwamba muuzaji wa biskuti za pakiti alikuwa amepita mara mbili, na hizo angalau hazingemletea kesi. Siku hiyo moja ilikuwa leo.

Mwana aliingia jikoni na kikombe cha chai mkononi, futi ya kupimia imening'inia kiunoni.

"Leo zikikataa, ile oveni naikata vyuma," alisema. "Sikutishi, Mama. Mgongo wako umechoka, na kifua ndicho hicho. Kaa, ule, ulale."

"Nikae nihesabu nzi?"

"Humu hamna nzi. Nimeweka raba mpya chumbani kwako juzi tu. Nzi akitaka kuingia aandike barua kwanza."

Mkwe alicheka. Mama hakucheka. Alikuwa akikatakata siagi ya baridi vipande vidogo ndani ya unga.

"Mtaa mzima wananiita Bibi Biskuti," alisema. "Ukiuza oveni, wataniita bibi gani? Bibi Kitanda?"

"Wataniita mimi mwana mwema."

"Nenda kazini, mwana mwema. Umeshachelewa."

Mwana aliweka kikombe kwenye sinki, akamgusa mama yake begani, akaondoka. Mlango wa mbele ulijifunga nyuma yake kwa mlio mdogo, kama kopo linalofunikwa. Ulikuwa mlango mzuri.

Mama alisugua siagi kwa ncha za vidole hadi unga ukawa chengachenga. Hakutumia viganja, maana viganja vina joto, na siagi ikiyeyuka mapema biskuti haifanyi matabaka. Alimwaga hamira katikati, kisha maziwa kidogo kidogo, akaukusanya unga kwa mkono mmoja huku mwingine ukizungusha bakuli. Hakuukanda sana.

"Ukilikanda kama la mkate umeshaliharibu," alimwambia mkwe. "Likusanye tu, basi. Likishikana, liache."

"Na tukishaliacha, tunaliweka wapi? Juani hamna jua."

"Nimefikiria. Nitajenga chumba cha kuumulia."

Alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye duka la mikate. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye jiko la mkaa pembeni na sufuria ya maji juu yake. Maji yalichemka siku nzima, chumba kikajaa joto na mvuke, na madonge yakapanda ndani ya trei kama yanavutwa kwa kamba. Sheria ya chumba hicho ilikuwa moja: mlango ufungwe. Aliyeuacha wazi alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Mama aliyakumbuka yote hayo vizuri, na alimsimulia mkwe huku akifunika bakuli kwa kitambaa chenye unyevu.

Chumba hicho kilikuwa pia na bomba pana la bati lililoanzia juu ya jiko na kutokea kwenye paa. Mama alifagia chini yake miaka mingi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kufukuzwa kazi kwa sababu ya bomba, hakuna aliyelitaja, nalo halikukaa kichwani mwake.

Alichagua chumba chake cha kulala kwa kuwa ndicho kilichokuwa kidogo. Walitundika blanketi dirishani, juu ya pazia. Mkwe alikunja tambara refu la kuziba chini ya mlango. Uani, mama aliwasha jiko dogo na kulipepea, akasimama kando hadi moshi ukaisha na mkaa wote ukawa mwekundu. Hapo ndipo aliporuhusu lisogezwe.

"Moshi ndio mbaya," alisema. "Mkaa ukishaiva hauna neno."

Mkwe aliamini hivyo pia. Karibu kila mtu mtaani aliamini hivyo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa mwekundu haina rangi wala harufu, na haimkohozi mtu.

Walibeba jiko kwa vipande viwili vya gunia, wakaliweka juu ya tofali karibu na kitanda, na sufuria ya maji juu yake. Bakuli la donge liliwekwa kwenye kiti. Mama alijifunga shuka mabegani, akaketi kitandani na kuegemea ukuta.

"Nitalilinda mwenyewe. Wewe kaandae oveni."

"Si utaungua na joto humu, Mama?"

"Tangu tuhamie hapa sijapata joto. Niache nifaidi. Funga mlango."

Mkwe alifunga mlango na kusukuma tambara kwa mguu.

Uani kulikuwa na manyunyu. Oveni ilikuwa sanduku la chuma lenye mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na kuipasha vizuri kulichukua muda. Mkwe alitoa majivu ya jana, akapanga mkaa mpya, akapaka trei siagi. Katikati ya kazi hiyo aliingia chumbani kutazama. Joto lilimpiga usoni. Kioo cha kabati kilikuwa kimefunikwa na mvuke. Aliinua kitambaa: donge lilikuwa limepanda hadi nusu ya bakuli, laini, limejaa.

"Mama! Linapanda!"

"Nilikwambia nini? Mlango, mlango! Unaniulia unga!"

Aliufunga akiwa ndani, akakaa naye kidogo. Mama alizungumza kuhusu Bwana Birika, jinsi atakavyoziuma na kukosa la kusema. Alimwigiza anavyotafuna, mashavu yamejaa, kidole kimeinuliwa juu kama hakimu. Mkwe alicheka mpaka akashika kichwa, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga.

"Kichwa kinaniuma humu, Mama."

"Hujala. Mtu hafanyi kazi ya unga na tumbo tupu. Kanywe chai."

Alitoka, akanywa chai uani, na baada ya muda kichwa kikatulia. Ilionekana mama alikuwa amesema kweli. Ni njaa.

Donge lilipofika ukingoni mwa bakuli alilitoa, akalipeleka jikoni. Mama alibaki alipokuwa. Alisema miguu ilikuwa mizito, na kwamba mkwe sasa ana macho ya kuona na mikono ya kutosha. Alitoa maagizo kutoka kitandani, mlango ukiwa umefunguliwa kidogo tu ili sauti ipite.

"Lisukume, lisiwe jembamba. Unene wa kidole gumba."

"Cha kwangu au cha kwako?"

"Changu. Chako ni kijiti."

Mkwe alisukuma, akakunja donge mara tatu kama shuka linalowekwa kabatini, akasukuma tena, akakunja tena. Matabaka ya biskuti yanatoka hapo. Kisha akachukua kopo la maziwa lililokatwa pande zote mbili, akalichovya kwenye unga mkavu, akakata.

"Usizungushe kopo," mama alisema. "Chini, juu. Ukizungusha unaziba pembeni, haipandi."

"Sizungushi."

"Nasikia unazungusha."

Alikuwa amezungusha. Alikata nyingine kama alivyoelekezwa, na pembeni zake zikabaki wazi, na mistari ya matabaka ikaonekana. Alizipanga kwenye trei zikiwa zimegusana, ili zisukumane juu badala ya kutanuka. Zilijaa trei mbili.

Biskuti zilihitaji kuumuka mara ya pili. Mkwe aliongeza mkaa mwekundu kwenye jiko dogo kutoka kwenye oveni, akaongeza maji ya moto kwenye sufuria, akaziweka trei juu ya kabati la nguo, palipokuwa na joto zaidi. Mama alikuwa amelaza kichwa ukutani. Midomo yake ilisogea kabla ya sauti kutoka.

"Zipake maziwa... juu."

"Nitazipaka zikishapanda. Umechoka?"

"Kidogo. Usingizi wa alfajiri unanidai."

"Lala basi. Nitakuamsha Bwana Birika akija."

"Niamshe kabla hajauma," mama alisema. "Nataka kumwona usoni."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo mtu aliyasikia. Ilikuwa inakaribia saa mbili na nusu. Mkwe alitoka, akafunga mlango, akarudisha tambara mahali pake.

Aliporudi kuchukua trei, biskuti zilikuwa zimepanda mara mbili ya unene wake. Zilitetemeka kidogo alipozibeba. Mama alikuwa katika mkao uleule, shuka mabegani, kidevu kimeshuka kifuani. Mashavu yake yalionekana yamepata damu, na mkwe aliona ni afadhali; siku nyingi yalikuwa ya majivu. Kichwa kilimgonga tena, na magoti yalimlegea alipoinama kuichukua trei ya pili. Mama mkwe akilala, mkwe haongei juu ya kichwa chake. Alitoka kinyumenyume, trei mkononi, akauvuta mlango kwa mguu polepole usije ukagonga. Kisha, kwa kuwa aliambiwa hivyo tangu asubuhi, akalisukuma tambara.

Trei ya kwanza iliingia ndani ya oveni. Mkwe aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mgongo kwenye ukuta wa kibanda, akatapika kidogo chai aliyokunywa. Alifikiria kwamba huenda ni mimba, na wazo hilo lilimfurahisha kwa dakika chache. Hewa ya uani ilikuwa ya baridi na yenye unyevu. Ilipofika wakati wa kuangalia oveni alikuwa anaweza kusimama.

Biskuti zilikuwa zimetoka. Zilikuwa zimeinuka wima, kahawia juu, na ubavuni zilikuwa zimepasuka kwa matabaka kama kurasa. Alichukua moja, akaitenganisha kwa vidole, na mvuke ukatoka katikati. Ndani ilikuwa nyeupe, laini, kavu. Akapiga kelele ya furaha peke yake, kisha akaufunika mdomo asimwamshe mama.

Alikuwa amemwahidi kumwamsha kabla. Lakini trei ya pili ilitakiwa iingie, mkaa wa juu ulihitaji kupangwa upya, na Bwana Birika alikuwa hajafika. Aliona amwache apumzike hadi mgeni apige hodi.

Bwana Birika alifika na baiskeli, makopo mawili ya bati yamefungwa nyuma. Hakupiga hodi. Alizunguka moja kwa moja hadi uani, akifuata harufu.

"Nani kaoka hizi?"

"Mama. Mimi nimeshika tu."

"Usinidanganye. Zile za wiki iliyopita na hizi zina mama mmoja?"

"Onja kwanza, ndipo uanze kesi."

Alichukua moja, akaikagua chini, akaipiga kwa ukucha, akaiuma. Alitafuna taratibu. Kidole chake kilipanda hewani, kama mama alivyomwigiza, na mkwe akageuka kuficha kicheko.

"Mwambie kila siku," Bwana Birika alisema. "Trei mbili. Mwenye pakiti nitamwambia apitie mbele. Na mwambie nimekosa, nilimsema mbele za watu. Yuko wapi nimwambie mwenyewe?"

"Amejilaza kidogo. Ngoja nimwite. Atakusuta umeuma bila yeye."

Alifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani. Alibisha mlangoni kwa kiungo cha kidole, akaita. Aliita tena. Akafungua.

Bwana Birika alisema baadaye kwamba hakusikia mayowe. Alisikia sufuria ikianguka na maji yakimwagika kwenye mkaa, kisha mkwe akitokea kwenye mlango wa nyuma bila sauti, mdomo umefunguka, akimwonyesha ndani kwa mkono mzima. Alimfuata. Kwenye chumba alipata mvuke mwingi na jiko linalofuka, na mama amelala ubavu kitandani pale mkwe alipomvuta. Alimshika kwapani, mkwe akashika miguu, wakambeba hadi uani, wakamlaza juu ya magunia chini ya bati.

Nyumba ya pili alikaa nesi aliyekuwa ametoka zamu ya usiku. Alikuja na nguo ya kulala na viatu vya mumewe. Alipiga magoti, akaweka sikio, akaweka vidole shingoni, akaanza kukandamiza kifua. Alihesabu kwa sauti. Bwana Birika alishika kichwa cha mama kama alivyoagizwa.

"Kulikuwa na nini huko ndani?" nesi aliuliza bila kusimamisha mikono.

"Donge," mkwe alisema. "Tulikuwa tunaumua."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa mkaa. Lakini haukuwa na moshi. Tulisubiri moshi uishe."

Nesi aliendelea kukandamiza. Wakati fulani alimwambia Bwana Birika apige simu hospitali, na baadaye akamwambia aende kufungua dirisha la chumba na asikae humo hata kidogo. Dirisha lilikataa mara ya kwanza. Raba ilikuwa mpya, imeshika fremu. Alilivuta kwa mikono miwili hadi likaachia.

Nesi aliacha kukandamiza. Aliutazama mkono wa mama, akageuza vidole, akatazama kucha, ambazo zilikuwa nyekundu kama za mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Akavishusha vidole hivyo juu ya tumbo.

"Pole, dada," alimwambia mkwe. "Ameondoka muda mrefu kidogo."

"Muda mrefu kiasi gani?"

"Siwezi kusema."

"Nilipotoa trei alikuwa amekaa. Mashavu yalikuwa mazuri."

Nesi alimtazama machoni, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. "Na wewe kichwa kinauma? Umetapika?"

"Nilidhani ni mimba."

"Kaa hapohapo. Pumua. Usiingie ndani."

Moshi ulikuwa unatoka kwenye oveni. Trei ya pili ilikuwa imeungua. Bwana Birika aliifungua kwa kipande cha gunia, akaitoa, akaiweka chini mvuani, akasimama kando yake kwa sababu hakujua pa kusimama.

Mwana alipigiwa simu na nesi. Alikuja amepanda nyuma ya pikipiki ya fundi mwenzake, futi ingali kiunoni. Alimwona mama yake kwenye magunia, amefunikwa shuka hadi shingoni, akapita bila kusimama, akaingia hadi chumbani. Walimsikia akitembea humo. Alitoka ameshika blanketi la dirishani.

"Nani aliniwekea hili?"

"Sisi," mkwe alisema. "Mama na mimi. Upepo usiingie."

"Upepo hauingii. Nilishamwambia upepo hauingii." Alilikunja blanketi mara mbili, akalifungua, akalikunja tena. "Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Nilipochukua trei."

"Alikuwa anapumua?"

Mkwe alimtazama nesi, na nesi akatazama pembeni.

"Nilifunga mlango polepole," mkwe alisema, "nisimwamshe."

Mwana aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kabla ya saa tano gari la hospitali lilisimama mbele ya nyumba, na nesi akaenda kulifungulia geti.